MAZUNGUMZO: WAKILI WA KAZI MOJA KWA MFANYAKAZI ANAYEJISIMAMIA



Miongoni mwa wanaovuka bahari kufuata riziki Tanzania Bara wamo wanaofika katika migodi ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, huu wa pili ukiwa Mkoani Shinyanga. Anayeachishwa kazi huko hufikwa na mawili kwa pamoja: mshahara umekatika, na ada ya wakili wa kusimamia shauri lote haiwezi. Wengine hukata tamaa papo hapo, ilhali sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Tena asiyemudu kumlipa wakili kwa shauri zima anaweza kumlipa kwa kazi moja tu, mengine akayafanya mwenyewe.

Ifahamike kwanza kwamba ajira ya Geita haiongozwi na Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005, bali na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Bara ya mwaka 2004. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayepinga kuachishwa kazi amepewa siku 30. Siku hizo hazisimami kwa sababu ya kubembelezana na msimamizi. Aliyechelewa huomba kwanza kuongezewa muda kwa sababu za kuridhisha, na ombi likikataliwa, dai lake halisikilizwi hata likiwa la haki.

Mgogoro hufunguliwa kwa fomu ya CMA F.1. Fomu hiyo yaonekana nyepesi, na hapo ndipo penye hatari. Mahakama Kuu imeshaamua kwamba wahusika hufungwa na yaliyoandikwa humo. Aliyedai fidia ya kuachishwa, akasahau likizo na mishahara ya nyuma, atapata tabu kuyaingiza mbele ya mwamuzi. Kwa hivyo fedha chache alizonazo mfanyakazi zina faida zaidi siku ya kujaza fomu kuliko siku ya kusikilizwa. Kueleza yaliyotokea kazini anaweza mwenyewe; aliyekuwapo ni yeye, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza ya Tanzania.

Makubaliano na wakili yaandikwe: kazi gani, kwa ada gani, inakwisha lini. Wako wanaodhani kuwa aliyelipwa kuandika hati atahudhuria pia. Mlalamikaji akabaki nyumbani, shauri likaitwa, likafutwa.

Ipo pia hadhari ya vishoka wanaozunguka na mihuri mifukoni. Sheria ya Mawakili inamkataza asiyekuwa wakili kuandaa hati za mashauri kwa malipo, na hati huandikwa jina na anwani ya aliyeitayarisha. Mwenye kukataa kuandika jina lake, bora aachwe. Asiyekuwa na kitu kabisa awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao huelekeza na kusaidia bila ya malipo, ila hawasimami mahakamani kama mawakili.

Uamuzi wa Tume usiporidhisha, maombi ya marejeo hupelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Maombi hayo huambatana na hati ya kiapo, na hapo wakili wa kazi moja anaweza kuhitajika mara ya pili.