"Hakimiliki ya Kimila": Neno na Muda wake, Kibaha na Kisarawe

Kwa Mswahili, mwenye kumiliki kitu ndiye mwenyewe, wala haulizwi anakimiliki hadi lini. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, hazisemi hivyo. Katika Kiingereza zilimoandikiwa, kinachofasiriwa kuwa "hakimiliki" ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi tu. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Wazo hilo ni la kikoloni, la sheria ya mwaka 1923. Tanganyika huru ililiendeleza mwaka 1963 ilipoigeuza milki isiyo na kikomo kuwa ya miaka 99.

Hati ya kiwanja mjini Kibaha, basi, ina mwisho: miaka 33, 66 au, kwa upeo wake, 99. Shamba la mikorosho la mwanakijiji wa Kisarawe, kinyume chake, laweza kushikwa kwa hakimiliki ya kimila isiyo na ukomo wa muda, ambayo sheria yenyewe inaitaja kuwa na hadhi sawa na ile ya kupewa na serikali. Hata hivyo, masikioni mwa wengi hati ya mjini ndiyo "ya kudumu", na ya kijijini huonekana kama cheti cha kungojea hati ya kweli. Kosa ni la neno "kimila", linalokumbusha matambiko na ngoma kabla ya kukumbusha mahakama.

Kosa hilo lina gharama. Mwaka 2009 kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe, kutoka ardhi ya vijiji 11, ilime mibono kwa miaka 99. Katika mazungumzo ya kawaida jambo la namna hiyo huitwa "kukodisha", na kilichokodishwa hurudi kwa mwenyewe. Kisheria, ardhi ilikuwa imehamishwa: kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, na haki isiyo na ukomo ikafutika hapo hapo. Kilimo kiliposimama mwaka 2011, hapakuwa na kifungu cha kuirejesha vijijini moja kwa moja.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Wafasiri wamelikuta neno "hakimiliki" likitumika hata kwa vitabu na nyimbo, ambako nako haki hufikia kikomo.