Ngoja Zamu ya Mwenzako



Ukisimama asubuhi pale Feri, upande wa kisiwani, utawaona watoto wa shule wakishuka pamoja na wafanyakazi na wachuuzi kutoka ng'ambo ya Likoni. Anayetaka kupanda hana budi kuwapisha kwanza wanaoshuka. Agizo hilo ni dogo, lakini lina uzito. Tarehe 29 Aprili 1994, kwenye kivuko jirani cha Mtongwe, feri ilipinduka ikiwa na abiria kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 270. Siwalaumu marehemu, kuzuia feri isijazwe haikuwa kazi yao. Lakini anayekumbuka siku ile hawezi kusema kwamba kungoja ni upumbavu.

Mimi nilifundishwa kungoja nikiwa mwalimu, na walionifundisha ni watoto. Katika darasa langu alikuwamo mvulana mwepesi sana. Kabla sijamaliza swali, alikwisha kupaza jibu, nami nilimsifu. Alikuwamo pia msichana mmoja mpole, aliyevuka kila siku kutoka Likoni. Mwanzoni aliinua mkono, baadaye akaacha. Siku moja nilimwuliza, "Mbona siku hizi huinui mkono?" Akajibu akitazama chini, "Mwalimu, nikiinua, mwenzangu husema kabla hujaniita."

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma. Nilidhani yule msichana hajui, kumbe hakupewa nafasi. Kosa halikuwa la mvulana peke yake, lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo tuliweka kanuni: inua mkono, ngoja kuitwa, msikilize mwenzako mpaka amalize, usimcheke aliyekosea, na ukimwumiza mtu mwombe radhi. Yule mvulana alitaabika sana. Mara nyingi aliziba mdomo kwa kiganja ili jibu lisimtoroke! Lakini asubuhi moja, msichana alipokuwa akisoma kwa kusitasita na wengine wakaanza kunong'ona, nilimsikia mvulana yule yule akisema, "Mngojeni, hajamaliza." Siku hiyo nilimsifu kuliko siku zote.

Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatueleza habari za Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12. Wazazi wake walimkuta hekaluni, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Angalieni: Mwana wa Mungu alisikiliza! Naye aliuliza pia, maana adabu ya mwanafunzi si kunyamaza kama jiwe.

Walimu wanatazamia watoto waje shuleni na adabu hii. Lakini wataitoa wapi? Je, nyumbani kwako mtoto humwona baba akimsikiliza mama mpaka amalize? Je, katika baraza la kanisa wazee hungojana? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo jioni, mwulize mtoto wako habari za shule, kisha unyamaze umsikilize mpaka mwisho.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hutusikiliza bila kutukatiza. Utufundishe kuwasikiliza wadogo, na kumpa nafasi yule ambaye sauti yake ni ndogo. Amina.