Ndege Inayolala Ndiyo Inayooza



Nimeombwa nizungumzie katika warsha hii gharama za kumiliki ndege ndogo katika wilaya zetu za Karatu na Ngorongoro. Nitazizungumzia, ila nitaanzia mbali kidogo na fedha. Bei ya kununua ndege ndiyo sehemu nyepesi. Mtu akiuza shamba, au akipata misimu mitatu mizuri ya kahawa, ananunua ndege iliyotumika. Kazi inaanza jioni ile anapoiegesha nyumbani, akazima injini na kwenda kulala.

Mimi ni mkulima upande wa Oldeani. Tuko wanne tunaomiliki Cessna 182 ya miaka ya 1970: viti vinne, injini ya Continental ya silinda sita yenye nguvu za farasi 230, inayokunywa lita 50 hivi za mafuta kwa saa. Inakaa kwenye kiwanja cha majani, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya banda la mabati tulilolijenga wenyewe. Kutoka hapo hadi kiwanja cha Kisongo, Arusha, ni kama nusu saa angani. Kabla yetu ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo aliitunza kwa kuihurumia. Hakuirusha. Aliifunika turubai, akaipangusa vumbi, na kila Jumamosi akaiwasha dakika kumi ili injini “isikae kimya”. Tulipofungua silinda tulikuta kutu imekula kuta zake kiasi kwamba mbili zilibidi zitupwe. Saa ilizoruka zilikuwa chache. Miaka iliyolala ilikuwa mingi.

Hapa ndipo penye mada yangu. Injini ikifanya kazi, mafuta yanayoungua yanatoa mvuke na tindikali, na sehemu yake inapenya hadi kwenye oili. Ikiruka saa nzima, oili inapata moto wa kutosha, maji yanatoka kama mvuke. Ikiwashwa dakika kumi ikiwa ardhini, inatengeneza maji lakini haipati moto wa kuyafukuza. Kwa hiyo yule bwana, kila Jumamosi, alikuwa anaongeza maji kwenye oili yake kwa mkono wake mwenyewe. Heri asingeiwasha kabisa. Sisi Karatu tunajua maana ya ng'ombe wa maziwa: hakuulizi kama leo una msiba au una mgeni, lazima akamuliwe, la sivyo kiwele kinaharibika. Ndege ni vivyo hivyo. Walau saa moja kila wiki mbili, angani, si ardhini.

Mtu mmoja mwenye shughuli zake hawezi. Nasema hivyo bila kumkwaza yeyote aliyepo. Mkulima ana mavuno, daktari ana wagonjwa, mwenye hoteli ana msimu wa wageni, na ndege inabaki bandani miezi miwili. Wanne wanaweza. Mimi nikiwa kwenye kahawa, mwenzangu anakwenda Arusha benki. Yeye akiwa msibani, wa tatu anampeleka mwanawe shule.

Gharama sasa. Tumezigawa mafungu mawili, na ugawaji huu ndio uliotuepusha na ugomvi. Fungu la kwanza ni la kila mwezi, na kila mmoja analitoa hata kama hakuruka: bima, banda, mlinzi, ukaguzi wa kila mwaka, na kuhuisha cheti cha ubora wa ndege kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Fungu la pili ni la kila saa ya kuruka: mafuta, oili, matairi, na akiba ya injini. Akiba hii wengi huiruka. Injini kama yetu mtengenezaji anaipa saa 1,500, au miaka 12, kabla ya kufumuliwa yote na kujengwa upya. Anayeruka saa 100 kwa mwaka ataifikia miaka 12 kwanza, saa zikiwa bado zimebaki. Siku hiyo ikifika bila akiba, ndege inaegeshwa “kwa muda”, na huo muda mmeshauona kwenye viwanja vingi: majani yamepanda hadi kwenye mabawa, kuku wanataga ndani.

Nigusie jambo la sheria, maana nimeulizwa mara nyingi. Leseni ya rubani binafsi haikupi ruhusa ya kuchukua nauli. Mgeni wa hoteli akikuomba umrushe juu ya kreta ya Ngorongoro kwa dola, jibu ni hapana, hata kama akiba ya injini imepungua. Hiyo ni biashara, na biashara ina leseni zake na ukaguzi wake. Nawaomba sana. Bima haitamlipa mtu uliyempandisha kinyume cha sheria, na watoto wa marehemu hawataelewa maelezo yako.

Mafuta. Ndege za injini ya pistoni zinatumia avgas, iliyotiwa rangi ya buluu ili mtu asiichanganye na mafuta ya ndege za jeti. Yetu tunaitoa Arusha kwa mapipa. Pipa likisimamishwa wima nje, mvua inatuama juu ya kifuniko. Usiku chuma kinapoa, pipa linavuta pumzi, maji yanaingia. Lilaze ubavu, vifuniko viwili vikae kwa usawa mmoja, kushoto na kulia, mafuta yakivifunika kwa ndani. Pampu isifike chini kabisa, na kila lita ipite kwenye chujio linalozuia maji.

Haya nayasema kwa uchungu, na sababu yake ni hii. Masika fulani, kabla banda halijaisha, ndege ililala nje usiku wa mvua kubwa. Alfajiri nilikuwa na safari. Nikapita chini ya bawa na kikombe changu cha plastiki, nikabonyeza vali, nikajaza, nikakiinua kwenye mwanga. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta mstari: mafuta juu, maji chini. Hapakuwa na mstari. Kikombe kilikuwa safi kabisa kama glasi ya chai ya rangi ambayo bado haijatiwa majani. Nikamwaga, nikaenda bawa la pili. Mlinzi wetu, kijana ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa ameshika tochi nyuma yangu. Matone yalikuwa yamemrukia mkononi. Akayanusa. “Mzee,” akasema, “hii haina harufu. Hii ni mvua.”

Kikombe chote kilikuwa maji. Hakukuwa na mstari kwa sababu hakukuwa na tone la mafuta. Vifuniko vya matangi vilikuwa vimechoka mpira, vikavujisha usiku kucha. Tena Cessna za umri ule zina matangi ya mpira laini ndani ya bawa, yanayokunjamana kwa chini, na kila kunjo linashika maji yake. Tulitikisa mabawa, tukachota, tukatikisa tena, kwa karibu saa nzima, hadi buluu ilipotoka peke yake. Injini ingewaka vizuri kwa mafuta yaliyokuwa kwenye mabomba. Ingetosha kunifikisha juu ya miti ya mwisho wa kiwanja, na huko ingezima. Tangu siku ile tunatazama rangi kwanza, halafu tunanusa, ndipo tunatafuta mstari. Na mlinzi analipwa kama mtu wa ndege, si kama mtu wa geti.

Mengine ya kila siku ni madogo lakini hayana huruma. Nyigu anaziba kwa udongo lile bomba dogo la kupima mwendo lililo chini ya bawa, na anaweza kulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lifunike kila unapotua. Ndege wadogo wanajaza nyasi ndani ya kifuniko cha injini, na nyasi hizo zinashika moto. Fisi anatafuna matairi, ndiyo maana ukilala Ndutu au kiwanja chochote cha porini unazungushia magurudumu miiba kama boma. Kokoto zinachonga ncha za propela, na kidonda kidogo kikiachwa kinakuwa ufa. Ngiri anachimba usiku mahali ulipotua jana, kwa hiyo kiwanja kinatembelewa kwa miguu kabla ya safari, chote, na wachungaji wanaombwa kwa adabu wasogeze mifugo. Kila saa 50 tunamwaga oili, tunakata chujio na kukunjua karatasi yake juani kutafuta chenga za chuma. Magneto zote mbili, zinazotoa cheche za injini, zinafunguliwa kila saa 500. Mwenye ndege ana macho. Fundi mwenye leseni ndiye mwenye saini, na kitabu cha ndege kisicho na saini yake hakina thamani.

Ndugu washiriki, nchi yetu hii ni ngumu kwa injini hata ikiwa nzima. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto linaizidishia wepesi. Kiwanja chetu kikipata nyuzi 26 mchana, ndege inajiona iko karibu mita 2,400. Kiwanja cha Ngorongoro kwenye ukingo wa kreta kiko karibu na kimo hicho tangu asubuhi. Joto likifika nyuzi 20, ndege inajiona iko zaidi ya mita 3,000, na injini isiyo na tabo imebaki na kama theluthi mbili ya nguvu zake. Farasi 230 wamekuwa 160. Mabawa nayo yanadai mwendo zaidi, kiwanja ni kilekile. Jibu letu ni la kikulima: ruka asubuhi, beba watu wawili badala ya wanne, punguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kuachia breki, na chagua mapema alama kando ya njia. Ukifika pale bila mwendo unaotakiwa, ondoa nguvu ya injini, funga breki. Usiongeze matumaini.

Halafu mawingu. Upepo wa mashariki unapanda nyanda hizi na kuifunika milima ya Loolmalasin na Oldeani hadi saa nne au tano asubuhi, wakati upande wa Olduvai kuna jua na vumbi. Rubani aliyeko kwenye jua anamwona mwenzake kama mwoga. Tarehe 15 Novemba 2017 ndege ya abiria aina ya Cessna Caravan, yenye injini imara kuliko yetu mara kadhaa, ilianguka eneo la Empakaai, kwenye nyanda hizi hizi, na watu wote 11 waliokuwamo walikufa. Mimi nina desturi moja: ikiwa siuoni ukingo wa kreta kutoka shambani kwangu, sichukui ufunguo ukutani.

Siwezi kuzungumza kuhusu ndege binafsi mahali hapa bila kuwataja baba na mwana ambao kaburi lao liko kwenye ukingo ule. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walijifunza urubani kwa ajili ya kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti. Wakanunua Dornier Do 27, ndege inayotua mahali pafupi, wakaipaka milia ya pundamilia, usajili wake D-ENTE; kwa Kijerumani Ente ni bata. Waliirusha wenyewe kutoka Ujerumani, na filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani alipogongana na tai. Bawa la kulia liliharibika, ndege ikapiga mbizi. Alikuwa na miaka 24. Baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelala karibu naye.

Nimesimama pale mara nyingi, na swali langu si kama waliitunza vizuri. Ndege ile iliruka karibu kila siku, na tai hakujali. Ninachokiona ni kwamba hatari za nchi hii zinatosha. Tai na korongo wanapanda na hewa ya moto kwenye ukuta wa Bonde la Ufa kuanzia saa nne asubuhi, na hakuna fundi wa kuwakagua. Basi kifuniko cha tangi, plagi na nyigu, vitu vilivyo ndani ya uwezo wa mikono yetu, visije vikaongezwa juu ya tai.

Mfano wa matunzo tunao: huduma ya Flying Medical Service, iliyoanzishwa Arusha mwaka 1983, iliifanya Cessna 206 ndogo kuwa kliniki ya vijiji vya Wamasai ambavyo barabara zao hupotea masika: wajawazito wakipimwa, watoto wakichanjwa, mgonjwa mahututi akitolewa. Ndege zile zilikuwa na ratiba. Hazikupata nafasi ya kulala, na hiyo ni nusu ya matunzo.

Ninachoomba kwa warsha hii ni vitu viwili tu. Kwanza, tuliomo humu tuchangie fundi mmoja mwenye leseni afike Karatu kila mwezi, badala ya kila ndege kusubiri hadi ipate sababu ya kwenda Arusha. Pili, ninyi watatu mliokuja hapa mkitaka kununua kila mtu ndege yake, mkae pamoja leo jioni kabla hamjatia saini.

Kesho saa moja asubuhi, kabla ya kikao cha pili, ndege yetu itakuwa imefunguliwa kifuniko cha injini. Karibuni mwone silinda mbili tulizozitupa. Tumeziweka juu ya meza. Usiku wa leo kunatarajiwa mvua. Mlinzi atakuwepo na kikombe.