Maji ya Tangi la Samaki Yasimwagike Sebuleni

Leo tunazungumza na wewe unayefuga samaki wa mapambo na unataka kujitengenezea njia ya maji: bomba la kushusha maji ya ziada hadi tangi la kuchujia lililo chini, na pampu ya kuyarudisha juu.

Kwanza, bomba la kushusha liwe pana kuliko la kupandisha. Pampu husukuma kwa nguvu, lakini maji yanayoshuka hutegemea uzito wake tu. Ukipandisha kwa nusu inchi, shusha kwa inchi moja. Ongeza bomba la akiba, mdomo wake juu kidogo ya ule wa bomba la kwanza, lipokee maji la kwanza likiziba kwa majani au konokono. Bomba hilo lisiwekwe koki.

Pili, umeme ukikatika, maji hurudi chini kupitia bomba la kupandisha ikiwa mdomo wake umezama. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya usawa wa maji. Hewa ikiingia, mvuto hukatika. Tundu lisafishwe mara kwa mara, na tangi la chini lisijazwe pomoni.

Bomba likikoroma, linavuta hewa. Punguza koki ya bomba kuu la kushusha taratibu hadi litulie.

Kabla ya kutia samaki, jaribu: zima pampu, kisha iwashe na uzibe bomba kuu kwa kitambaa. Sakafu ikibaki kavu mara zote mbili, kazi yako ni salama.