Nani Afunge Malisho? Ngitili za Shinyanga na Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi



Kuna hoja ninayoisikia kwa wenzangu kila kamati yetu ya utafiti inapokaa kupitia maandiko ya miradi, nayo imenikera kiasi cha kuifanya kiini cha mhadhara huu. Inadai kwamba ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, haziwezi kuhesabiwa kuwa njia ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Zilikuwepo kabla ya modeli za kompyuta, na mradi uliozifufua, Hifadhi Ardhi Shinyanga au HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulilenga mmomonyoko wa udongo na uhaba wa kuni. Kwa mtazamo huo, kuhimili huanza na makadirio ya mvua zijazo. Yasipokuwepo, mafanikio ni bahati tu.

Historia ya Shinyanga mnaijua: vichaka vilivyofyekwa kumwondoa mbung'o, upanuzi wa pamba, wingi wa mifugo, mambo yaliyoiacha ardhi tupu. Sitairudia.

Nianze na makadirio yenyewe. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010, vipimo vilionyesha mvua za masika zikipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ilhali modeli nyingi zinakadiria kuwa zitaongezeka. Wataalamu wa hali ya hewa wameuita mgongano huo kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Sasa mfugaji asubiri kiteguliwe ndipo alinde nyasi zake? Kwa anayejenga daraja au bwawa, makadirio ni ya lazima, na hapo wenzangu wana haki. Kosa lao ni kukifanya kipimo cha daraja kuwa kipimo cha kila kitu.

Ngitili hufanya kazi mvua iende upande wowote. Eneo hufungwa mvua zinapoanza. Nyasi hukua bila kuliwa, visiki hai vya migunga huchipua, maji huzama ardhini badala ya kuukokota udongo. Kiangazi kinapokolea, Julai au Agosti, malisho hufunguliwa, ndama na wanyama dhaifu wakifikiriwa kwanza. Mwaka wa neema akiba huwa kubwa; mwaka wa ukame akiba hiyo humwezesha mtu kubaki na ng'ombe ambaye angemuuza kwa bei ya kutupa.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni utafiti wa Gerald Monela na wenzake kuhusu ngitili za Shinyanga, uliochapishwa mwaka 2005. Ningependa kila mwanafunzi wa mazingira ausome mara mbili. Walihesabu vitu ambavyo takwimu zetu huviruka: kuni, fito, nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga, matunda ya porini. Wakapata thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani vijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Walipima hata hasara iletwayo na wanyamapori waliorejea, na hawakuficha kwamba wenye ardhi na mifugo mingi hunufaika zaidi. Huo ndio uaminifu wa kitaaluma.

Tujiulize basi: ngitili zilizoorodheshwa mwaka 1986 zilikuwa takribani hekta 600, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Je, maarifa yaliongezeka kwa kasi hiyo? Babu yangu alikuwa na ngitili. Katika uhamisho wa kuunda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 tulikwenda kuishi mbali nayo. Tuliporudi, visiki vilikuwa vimeng'olewa ili kuchoma mkaa. Babu alijua kila mti kwa jina na faida yake. Alichokuwa amepoteza ni uwezo wa kumwambia mtu mwingine "hapa pamefungwa", naye akatii. HASHI ilifaulu kwa sababu iliurudisha uwezo huo: dagashida, baraza la kimila, ikaamua; sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda; sheria ndogo za kijiji zikaidhinisha faini.

Nimepima hoja ya ongezeko la watu, ya uhaba wa ardhi na ya familia maskini zisizo na eneo la kufunga. Zote ni nzito, na zote zinaniongoza pale pale: mgogoro ni wa mamlaka juu ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 tayari inaruhusu hatimiliki za kimila, za mtu mmoja na za kikundi. Kwa hiyo naiomba kamati yetu ya utafiti isipitishe andiko lolote la kuhimili mabadiliko ya tabianchi vijijini kabla mwandishi hajaeleza nani ana haki ya kufunga ardhi husika, nani ataifungua, na asiye na ng'ombe atapata nini.