Moto Hausubiri Gari Kutoka Tabora



Mmezoea sisi wa hesabu tukisimama tunasoma mapato na matumizi. Leo tunaomba tusome fungu moja tu: pole kwa walioungua nyumba. Halijawahi kutengewa bajeti. Tunapitisha bakuli majivu yakishapoa.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ipigeni mapema, mtaje kijiji na njia ya kufika. Lakini gari likitoka Tabora mjini, hata barabara iwe kavu, nyumba ya nyasi haitalisubiri. Zimamoto wa kwanza ni jirani mwenye ndoo.

Zamani tembe lilikuwa na paa la udongo, halikushika moto kirahisi. Tukaja sisi watoto wa mjini na mabati, dari na nondo. Tuseme ukweli: tumewajengea wazazi wetu nyumba zenye mlango mmoja, makufuli mawili na madirisha ambayo mtu hapiti. Tulimwogopa mwizi, moshi hatukuukumbuka, na moshi humwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa bweni lilipochomwa usiku. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo mwenye nyumba Goweko, uwe Dar es Salaam au Mwanza, ukirudi likizo njoo na fundi. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha ambalo nondo zake zinafunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Ufunguo wa mlango ukae kwenye msumari ambao hata mtoto anaujua. Na watoto wasifungiwe ndani na kibatari, hata kama mama anakwenda kisimani tu.

Mitungi ya gesi siku hizi inashuka stesheni pamoja na magunia. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua milango, toeni watu. Mafuta yakiwaka kikaangoni, usimwage maji, yataruka na moto wake. Zima jiko, funika kwa mfuniko, uache hapo hapo hadi yapoe. Nguo ikishika moto usikimbie: lala chini, ubingirike. Moshi ukijaa, tambaa. Ukishatoka usirudi kufuata godoro, wala fedha za tumbaku.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi dakika 20, kisha zahanati. Tunajua nyumba za kwetu hazikosi asali, na kila bibi ana dawa yake. Maji kwanza, bibi atusamehe. Dawa ya meno na unga msipake kabisa.

Mwaka huu tunaomba mchango wa mapipa ya mchanga, ndoo na ngazi, viwekwe shuleni, zahanati na sokoni, mahali pasipofungwa kwa kufuli. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Sisi wa kamati ya hesabu tumekwisha kulipia mapipa mawili, na risiti iko kwa mweka hazina. Anayetaka kuikagua aje, tumezoea kukaguliwa.