Kuchagua Pwani kwa Safari ya Siku Moja
Maneno yaliyosemwa mbele ya Machifu na Walimu



Tumeombwa tuseme machache juu ya safari za watoto wa shule watokao Taita, Kinango, Kaloleni na kwingineko bara, wanaokwenda kuiona bahari na kurudi siku ile ile. Safari hizo ni njema, maana mtoto aliyesoma habari za bahari kitabuni tu ni kama aliyesoma habari za chumvi asiionje. Walakini mwalimu anapotaka shauri, aghalabu huuliza neno moja: pwani gani ni nzuri? Twaona swali hilo limetangulizwa mahali pasipo pake. Kwanza na aulize saa za maji, kisha umbo la pwani, na uzuri uje nyuma.

Pwani ya Kenya, tangu Vanga mpaka Malindi, si mchanga mtupu. Mahali pengi pana magenge ya mawe ya matumbawe, ambayo yapata miaka 125,000 iliyopita yalikuwa miamba hai chini ya maji, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Kati ya magenge hayo mna vipande vya mchanga, vingine virefu kama Diani, vingine vidogo vilivyojificha kama vya Tiwi. Mbele yake baharini upo mwamba mwingine unaoyavunja mawimbi, na kati ya mwamba huo na nchi kavu maji hutulia. Mgeni huyatazama akadhani ni ziwa. Lakini ziwa halipandi mita 3 kwa muda wa saa 6.

Basi tuyatazame maji yenyewe. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, kama juma moja baadaye, tofauti yake ni kadiri ya mita 1 tu. Tena kuna jambo ambalo wavuvi hulijua tangu utoto: katika pwani hii bamvua hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, na kujaa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu jioni. Katika maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa asubuhi na kupwa jioni. Kwa hiyo mwalimu mwenye kalenda ya mwezi anaweza kujua mapema bahari itakuwaje siku ya safari yake. Kwa Mombasa, saa hizo huchapishwa katika majedwali, na sisi makarani, mnatujua, hupenda majedwali. Lakini mwezi hauhitaji kununuliwa.

Sasa tufikiri juu ya Tiwi siku ya bamvua. Basi lafika saa 4, maji yamekwenda mbali, na watoto watembea juu ya mwamba wakitazama kaa na samaki wadogo katika vidimbwi. Hutoka kipande kimoja cha mchanga wakaingia kingine kwa kuzunguka chini ya genge. Saa 5 maji yageuka. Mwanzoni hayaonekani kupanda, na watu huketi kula. Lakini maji hayapandi sawasawa: katika saa ya tatu na ya nne baada ya kugeuka hupanda karibu nusu ya kimo chake chote. Ndiyo kusema, kati ya saa 7 na saa 9, wakati watoto wameshiba na mwalimu anasinzia, bahari hufanya kazi yake kubwa. Nayo haiji kwa mbele tu. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma ya mwamba, hata aliyesimama mwambani na miguu mikavu huona maji ya kifua kati yake na mchanga. Na njia ile ya chini ya genge imekwisha funikwa.

Kwa sababu hiyo twasema: siku ya bamvua watoto wawe wametoka mwambani maji yanapogeuka, na wote wawe upande mmoja na njia ya kupandia juu. Wala wasiketishwe kivulini chini ya genge. Bahari hula mguu wa jiwe, na juu hubaki limening'inia.

Kama wengi hawajui kuogelea, heri Diani siku ya maji mafu. Pwani ni ndefu, mwalimu huwaona wote, na hakuna genge la kuwafungia njia. Wakae mbali na mlango wa mto Mwachema, ulio kati ya Diani na Tiwi, kwa kuwa maji yanapopwa mkondo hutoka kwa nguvu. Onyo lilo hilo ni la mlango wa hori ya Mida huko Watamu, ingawa Watamu ni pahali pazuri mno, tena Gede na magofu yake i karibu. Hifadhi ya bahari iliwekwa pale mwaka 1968; kuna ada ya kuingia, na hairuhusiwi kuokota makombe wala matumbawe. Ghuba ya Malindi ni habari nyingine. Mto Sabaki huleta tope, matumbawe hayastawi, na mawimbi hufika ufuoni bila kuvunjwa. Watoto waione nguzo ya Vasco da Gama, lakini asiyejua kuogelea asivuke magoti. Shimoni pafaa kwa somo la historia, kwa mapango yake. Kwa kuoga hapafai.

Miezi ya kusi, tangu Aprili hata Septemba, bahari huchafuka. Januari na Februari ni bora. Kila mtoto avae viatu majini, kwani yuko samaki afananaye na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Aliyechomwa atiwe mguu katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, na apelekwe hospitali mara moja.

Mwalimu akiisha kuchagua siku na pwani, amwandikie chifu wa mahali pale, ataje idadi ya watoto na saa ya kufika, aombe mvuvi mmoja wa kufuatana nao. Mvuvi huyo alipwe ujira wake. Naye akisema, "Tokeni," watoke kwanza. Sababu wataulizia mchangani.